Chakula cha Mtoto na Akiba ya Chama: Hotuba Iliyosomwa Katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri ya Chama ilitutuma kuchunguza jambo moja, nasi twashukuru kwa kupewa nafasi ya kulieleza mbele yenu kabla ya makadirio ya mwaka ujao kupigiwa kura. Jambo lenyewe ni hili: je, msaada wa Chama kwa watoto huwafikia kwa wakati ufaao? Hatukuulizwa kama fedha ni nyingi au chache, wala kama zimetunzwa vyema. Hayo ni ya Mweka Hazina na wakaguzi wa hesabu, nao wamekwisha kuyasema. Sisi tuliulizwa habari za wakati.

Kila mwanachama aijua desturi yetu. Mtoto akifaulu mtihani na mzazi wake hana karo, Chama humchangia. Akilazwa hospitali, Chama husaidia kulipa deni. Akifariki, Chama husimama na wafiwa mpaka mazishi yaishe. Desturi hii ni njema, na wazee walioianzisha wastahili sifa. Lakini tukiitazama vizuri twaona kwamba katika mambo yote matatu sisi huja mwishoni. Hatumjui mtoto mpaka awe mwanafunzi wa sekondari, au mgonjwa, au marehemu. Miaka yake ya kwanza humpita akiwa mikononi mwa mama yake peke yake, na kama mama huyo ni maskini, hakuna fungu lolote katika hesabu zetu linalomhusu.

Kwa hiyo tulisoma uchunguzi uliofanywa na wataalamu katika nchi mbalimbali zenye umaskini, na uliofanywa hapa Kenya, tupate kujua ni wakati gani hasa umaskini humdhuru mtoto, na ni wakati gani msaada humfaa zaidi. Jibu tulilolipata latutaka tugeuze desturi yetu kidogo. Twaomba tusikilizwe kwa subira.

Yafaa tuanze na neno moja ambalo madaktari wa dunia walilipokea kutoka kwa akina mama wa Kiafrika. Katika mwaka 1933, Daktari Cicely Williams, mwanamke aliyezaliwa Jamaica na aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ya Gold Coast, ambayo tangu mwaka 1957 huitwa Ghana, aliandika habari za watoto waliokuwa wakivimba miguu, nywele zao zikigeuka rangi na ngozi ikibambuka. Wengi wao walikufa. Mwaka 1935 aliandika tena katika jarida la madaktari liitwalo Lancet, na safari hii aliutaja ugonjwa huo kwa jina walilolitumia akina mama wa kabila la Waga wa pwani ya Accra: kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa umpatao mtoto wakati mdogo wake anapozaliwa. Akina mama hao hawakuwa na darubini wala maabara, lakini walikuwa wameona chanzo. Mtoto ameondolewa ziwani kabla ya wakati kwa sababu mwingine amekuja, naye amepewa uji mtupu wa mahindi mahali pa maziwa. Jina lenyewe lilitaja wakati wa hatari.

Ugonjwa huo, ambao kwa Kiswahili huitwa pia unyafuzi, huonekana kwa macho, na mtoto aliyepatwa nao hukimbizwa hospitali. Lakini watoto walio wengi zaidi wana njaa ya namna nyingine isiyopiga kelele. Mtoto hushiba ugali au viazi, hacheki sana wala halii sana, hacheleweshwi na ugonjwa wowote wenye jina, ila hakui kama inavyompasa. Wataalamu huita hali hiyo udumavu. Hupimwa kwa kulinganisha urefu wa mtoto na umri wake. Katika mwaka 2022, Mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikadiria kwamba watoto waliodumaa walio chini ya miaka 5 walikuwa zaidi ya milioni 148 duniani. Hapa Kenya, Uchunguzi wa Idadi ya Watu na Afya ulionyesha kwamba katika mwaka 2014 watoto 26 katika kila 100 walikuwa wamedumaa, na katika mwaka 2022 walikuwa 18. Nchi imepiga hatua, nasi twapaswa kulisema hilo kwa furaha. Hata hivyo katika Kilifi walikuwa bado 37 katika kila 100, na katika Pokot Magharibi 34.

Tunajua kuna mzee atakayetujibu, “Sisi kwa ukoo wetu tu watu wafupi, na hakuna ubaya.” Hoja hii ni ya heshima, na wataalamu wenyewe waliwahi kuifikiria. Basi Shirika la Afya Duniani lilifanya uchunguzi kati ya mwaka 1997 na 2003 katika nchi 6 zilizo mbali mbali: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walichaguliwa watoto ambao mama zao hawakuvuta sigara, walionyonyeshwa ipasavyo, waliopata chakula cha kutosha na kutibiwa walipougua. Ilionekana kwamba watoto wa nchi zote hizo, pamoja na tofauti za rangi na kabila, walirefuka karibu sawasawa katika miaka 5 ya kwanza. Kwa matokeo hayo vikatolewa vipimo vipya katika mwaka 2006, na mistari iliyomo katika kijitabu cha mama na mtoto anachopewa mzazi kliniki yatokana na kazi hiyo. Mtu mmoja mmoja aweza kuwa mfupi kwa kuzaliwa. Lakini kijiji kizima cha watoto wafupi chatuambia habari za chungu, wala si za ukoo.

Sasa tuje kwenye swali la wakati. Uchunguzi uliotufundisha zaidi ulifanywa mbali, katika nchi ya Guatemala, Amerika ya Kati, katika vijiji 4 vya wakulima maskini waliotegemea mahindi na maharagwe kama wengi wetu. Uliongozwa na taasisi ya lishe ya eneo hilo iitwayo INCAP, tangu mwaka 1969 hadi 1977. Katika vijiji 2, yaani Conacaste na San Juan, kila siku asubuhi na alasiri watu walipewa uji uitwao atole, wenye unga wa protini nyingi, maziwa makavu na sukari. Katika vijiji vingine 2, Espíritu Santo na Santo Domingo, walipewa kinywaji kitamu kiitwacho fresco, kisicho na protini. Vijiji vyote 4 vilipata matibabu bila malipo. Wachunguzi wakawapima watoto mwaka baada ya mwaka.

Matokeo yalikuwa haya. Watoto walionywa ule uji wenye maziwa kabla ya kutimiza miaka 3 walirefuka kuliko wenzao kwa kadiri ya sentimita 2 na nusu. Waliokuwa wamekwisha kupita miaka 3, uji uleule haukuwaongezea urefu wowote. Chakula kilikuwa kimoja, mpishi mmoja, na kijiji kimoja. Tofauti ilikuwa ni umri wa mtoto. Wazee walisema kweli waliposema udongo uwahi ungali maji.

Kama habari ingeishia kwenye sentimita, tusingeileta mbele ya Mkutano huu. Lakini wachunguzi walirudi kuwatafuta watoto wale walipokuwa watu wazima, kati ya mwaka 2002 na 2004. Waliona kwamba wanaume waliopata atole katika miaka 2 ya kwanza ya maisha yao walikuwa wakipata kwa kila saa ya kazi ujira uliozidi ule wa wenzao kwa asilimia 46. Wanawake waliopata atole utotoni walikuwa wamesoma zaidi kwa kadiri ya darasa moja na kitu, na watoto waliowazaa walikuwa na miili mikubwa kuliko watoto wa wenzao. Kikombe cha uji kilichonywewa katika mwaka 1970 kilionekana katika mshahara wa mwaka 2002, na katika mtoto wa yule aliyekinywa. Sisi tulio na desturi ya kuweka akiba twaelewa maana ya jambo hilo.

Tafadhali mtuelewe. Hatusemi kwamba chakula pekee kitamaliza shida yote. Hapa kwetu, katika Bungoma, Kakamega na Vihiga, wanawake wajawazito zaidi ya 8,000 waliandikishwa katika uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2018. Jamaa wengine walipewa dawa ya kusafisha maji, wengine wakajengewa vyoo, wengine wakahimizwa kunawa mikono, na wengine wakapata mafunzo ya kulisha watoto pamoja na chakula cha nyongeza. Maji, vyoo na kunawa mikono peke yake havikuwaongezea watoto urefu. Chakula na mafunzo viliwaongezea, lakini kidogo. Tumelitaja hili ili mtu asije akatudai miujiza baadaye. Umaskini una mizizi mingi, na yeyote awaambiaye kwamba ana jembe la kuing’oa yote kwa pigo moja, msimwamini. Walakini katika mizizi hiyo, lishe ya mama mjamzito na ya mtoto mpaka atimize miaka 2 ni mzizi ambao chama kidogo kama chetu chaweza kuufikia.

Sasa yuko mzazi atakayeuliza, “Je, mtoto aliyekwisha kupita umri huo tumwache?” Hasha. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Oxford, wakishirikiana na wenzao wa Ethiopia, India, Peru na Vietnam, walianza katika mwaka 2002 kuwafuata watoto 12,000 wa nchi hizo 4 mpaka wakawa vijana. Waliona kwamba baadhi ya watoto waliokuwa wamedumaa walipokuwa na mwaka 1 walikuwa wameinuka tena walipofika miaka 8, nao katika masomo waliwashinda wale waliobaki wamedumaa. Waliona pia kinyume chake, kwamba wako waliokuwa wazima utotoni na baadaye wakadumaa kwa sababu hali ya nyumbani ilizidi kuwa mbaya. Kwa hiyo mlango haufungwi kwa ghafula, ila huendelea kuwa mwembamba.

Na hapa Kenya kuna ushahidi wa watoto wa shule ambao kila mtu wa nchi hii aweza kuufahamu, kwa kuwa chakula chenyewe ni githeri. Tangu mwaka 1998, katika eneo la Kyeni Kusini, Embu, shule 12 za msingi zilichaguliwa. Katika baadhi ya shule hizo watoto wa darasa la kwanza walipewa githeri iliyotiwa nyama. Katika nyingine githeri pamoja na maziwa. Katika nyingine githeri iliyoongezwa mafuta tu. Na katika nyingine hawakupewa chakula, lakini jamaa zao walipewa mbuzi wa maziwa uchunguzi ulipokwisha. Baada ya miaka 2 ilionekana kwamba wote waliokula shuleni waliongezeka uzito kuliko wasiokula. Waliopata maziwa, hasa wale wadogo na waliokuwa wamedumaa, walirefuka zaidi. Na waliopata nyama walijenga misuli, walifanya vizuri kuliko wengine wote katika jaribio la kufikiri, na uwanjani walionekana wachangamfu, wenye kuanzisha michezo na kuwaongoza wenzao.

Wengi wetu twakumbuka maziwa ya shule yaliyoanza kutolewa nchini mwaka 1979, ambayo baadaye yalikoma. Watu wengine walidhani kwamba yalikuwa zawadi ya kuwapendeza watoto. Habari za Embu zatuonyesha kwamba kipande kidogo cha nyama au kikombe cha maziwa ndani ya sufuria ileile ya githeri ni sehemu ya masomo kama vile kitabu na chaki.

Kuna pia habari za minyoo. Katika Busia, shule 75 zilianza kupata dawa za minyoo kwa zamu tangu mwaka 1998, nao wachunguzi Edward Miguel na Michael Kremer walionyesha katika mwaka 2004 kwamba utoro ulipungua kwa kadiri ya robo. Watoto hao walifuatwa kwa miaka 20, na ilisemekana katika mwaka 2021 kwamba waliotangulia kupata dawa walikuwa wakipata ujira wa saa uliozidi kwa asilimia 13. Wako wataalamu waliobishana juu ya ukubwa wa faida hiyo, nasi hatuyafichi mabishano yao. Lakini mzazi yeyote ajua kwamba chakula kinacholiwa na minyoo hakimjengi mtoto.

Bwana Mwenyekiti, tumesema habari za msimu wa kwanza wa mtoto. Uko msimu wa pili ambao sisi wazee hupenda kuusemea kwa lawama, nao ni wakati wa kubalehe. Katika miaka hiyo mwili hukua kwa haraka ambayo haujapata kuwa nayo tangu uchanga. Mifupa hurefuka na kuimarika, damu huongezeka, na njaa ya kijana huwachosha wazazi. Wakati huohuo msichana huvunja ungo, na kila mwezi hupoteza damu ambayo hairudi ila kwa chakula chenye madini ya chuma, kama nyama, maini, omena, maharagwe na mboga za majani. Asipokipata hupungukiwa damu, akasinzia darasani, na mwalimu akamwita mvivu. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba mahali ambapo upungufu wa damu ni mwingi, wasichana waliovunja ungo wapewe vidonge vya chuma mara moja kwa juma.

Msichana huyo akipata mimba mwili wake ungali wakua, mama na mtoto hugombea chakula kimoja, na mtoto huzaliwa mdogo. Hapo msimu wa pili wa mama unakuwa msimu wa kwanza wa mtoto, na umaskini wapita kutoka kizazi hiki hadi kile bila kupumzika. Katika mwaka 2022, wasichana 15 katika kila 100 wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba. Katika Samburu walikuwa 50 katika kila 100, na katika Nyeri na Nyandarua walikuwa 5. Katika jamaa zilizo maskini kabisa walikuwa 21, na katika zilizo na mali zaidi walikuwa 8.

Twawaomba wazee wetu wazitafakari hesabu hizo. Kama tabia peke yake ndiyo chanzo, mbona tabia yafuata mali ya mzazi? Msichana asiye na chakula, wala sabuni, wala nauli, wala pedi za hedhi, akitokewa na mwanamume mwenye shilingi 200 hana nguvu sawa na yule aliyetoka nyumbani ameshiba. Hatusemi haya ili kuondoa maonyo, maonyo yabaki. Twasema kwamba maonyo bila msaada humfikia msichana akiwa na njaa.

Ushahidi wa jambo hili uko hapa nyumbani. Serikali ilianza katika mwaka 2004 kujaribu mpango wa kuwapa fedha walezi wa yatima na watoto walio katika shida, na baadaye mpango huo ukaenea. Walezi hawakupewa masharti juu ya mimba wala ndoa. Walipewa fedha za kutunza nyumba. Wachunguzi waliolinganisha jamaa zilizopata fedha na zile zisizopata waliona kwamba mimba za wanawake vijana zilipungua, kiasi cha vijana 5 katika kila 100 kuepukana nazo, na sababu moja kubwa ilikuwa kwamba walibaki shuleni. Katika Zomba, nchi ya Malawi, wasichana waliopewa fedha kidogo kila mwezi katika mwaka 2008 na 2009 walipimwa baada ya miezi 18, nao waliokuwa na virusi vya UKIMWI walikuwa kama 1 katika kila 100, ambapo kwa wenzao wasiopewa walikuwa 3.

Hayo ndiyo tuliyoyasoma. Kwa ufupi ni kwamba mtoto ana misimu miwili ambayo akiikosa hukosa mengi: tangu mimba mpaka miaka 2, na tena wakati wa kubalehe. Chama chetu humfikia baada ya msimu wa kwanza kwisha, na mara nyingi katikati ya ule wa pili au ukiwa umepita. Twamlipia karo mtoto ambaye uwezo wake wa kujifunza ulipunguzwa kabla hajajua kutembea. Kisha matokeo yakija mabaya, twamlaumu.

Kwa hiyo twaleta mapendekezo manne.

La kwanza, katika kila tawi wachaguliwe akina mama wawili wa kuaminika, watakaozitembelea nyumba zenye mjamzito au mtoto wa chini ya miaka 2. Kazi yao haitakuwa kutoa amri. Watauliza kama mama amekwenda kliniki na kupewa vidonge vya kuongeza damu. Watatazama kijitabu cha mtoto waone kama mstari wake wapanda au umelala. Watamkumbusha mama kumnyonyesha kwa miezi 6 bila kumpa kitu kingine, na baada ya hapo kumchanganyia uji kwa maziwa, yai, omena iliyosagwa au maharagwe yaliyopondwa. Mahali ambapo umaskini ni mwingi, Chama kitoe chakula hicho au nauli ya kliniki.

La pili, wanachama wafugaji wakubaliane kubakiza nyumbani kikombe cha maziwa kwa kila mtoto kabla ya ndoo kupelekwa sokoni. Twajua kwamba maziwa ndiyo fedha ya karo na ya madawa. Lakini si haki mtoto wa mwenye ng’ombe kunywa chai isiyo na maziwa. Vilevile mayai yote yasiuzwe, na sahani ya nyama isimalizwe na wakubwa kabla haijafika kwa wajawazito na watoto. Kwa jambo hili hatuhitaji hata senti moja. Twahitaji wenye nyumba waamue.

La tatu, msaada wa shule usingoje sekondari. Kila tawi lizungumze na walimu na wazazi wa shule ya msingi iliyo karibu, ili palipo na chungu cha githeri pasikosekane kitu cha kuongeza ndani yake walau mara mbili kwa juma, na pasipo na chungu kianzishwe.

La nne, msichana wa nyumba maskini aandikwe katika daftari la Chama anapovunja ungo, wala si anapofaulu mtihani. Apate mahitaji yake madogo yanayomweka shuleni. Na akipatwa na mimba, jina lake lisifutwe. Tangu mwaka 1994 Serikali ya Kenya imeruhusu wasichana waliozaa warudi shuleni; isiwe Chama ndicho kinachomfungia mlango uliofunguliwa na Serikali.

Sasa twafika mahali pagumu, penye fedha. Hatupendekezi kupunguza karo hata kidogo, kwa maana wako watoto wanaoitegemea. Twapendekeza kwamba katika fungu la mazishi, sehemu ile inayonunulia vyakula vya watu wanaokesha matangani ipunguzwe kwa nusu, na nusu hiyo iwekwe katika mfuko mpya wa mama na mtoto. Jeneza, usafiri wa maiti na msaada kwa mjane au yatima visiguswe.

Twajua jambo hili ni zito. Kumlisha aliyekuja kulia nawe ni adabu tuliyoirithi, na mtu asiyefanya hivyo husemwa. Tuliliwaza sana kabla ya kulileta, na katika mazungumzo yetu wapo waliotuambia kwamba Chama kitaonekana kimekuwa bahili mbele ya majirani. Jibu letu ni kwamba ukarimu hautaondolewa, utagawanywa. Marehemu alipokuwa hai alikuwa na wajukuu. Tukimlilia kwa chai na mkate mahali pa ng’ombe mzima, kisha mjukuu wake akapata yai kila siku kwa mwaka mmoja, hatuoni kwamba tumemvunjia heshima. Wazee ndio wenye uwezo wa kulisema hili likasikika. Kijana akilisema ataambiwa hana adabu, na mama akilisema ataambiwa ana choyo. Mzee akisimama katika matanga ya nduguye mwenyewe akasema, “Mtanisamehe, leo tutakunywa chai,” jambo litakwisha.

Tena twaomba Mkutano usikubali mapendekezo haya kwa maneno tu. Ikiwa yatapita, kila tawi lilete hesabu katika mkutano wa mwaka ujao: ni wajawazito wangapi walitembelewa, ni watoto wangapi ambao mstari wao katika kijitabu ulikuwa umelala ukapanda, na ni wasichana wangapi waliobaki shuleni. Hesabu hizo zichapishwe katika ripoti hii pamoja na hesabu za fedha, zikiwa nzuri au mbaya. Tukiona kwamba tumeshindwa, tutajua mahali pa kurekebisha.

Watoto watakaofaidika na kura ya leo wengine wangali tumboni mwa mama zao. Hawawezi kuja hapa kuomba, wala hawatatukumbuka kwa jina. Mtoto atakayezaliwa mwezi ujao atatimiza miaka 2 kabla ya mikutano mitatu ya mwaka kwisha, na tukiahirisha shauri hili mara tatu, kwake yeye litakuwa limekwisha.

Bwana Mwenyekiti, tumemaliza kazi tuliyotumwa. Twaiacha mikononi mwa Wazee wetu na wanachama wote.